Buibui wa Daraja la Tatu

Mpiga pasi alimnunua tarantula wake wa kwanza, buibui mkubwa wa manyoya, siku ya mapumziko, akampeleka nyumbani ndani ya kopo lenye matundu, kikapu kimoja na nyanya na sabuni. Si yeye aliyemchagua. Alikuwa amemnyooshea kidole yule wa kijani wa rafu ya juu, muuza buibui akatikisa kichwa.

"Huyo ni wa mitini, ana mbio na anauma vibaya. Daraja la tatu. Wewe anza na huyu wa ardhini, mzito, hana makuu. Akikuandikia barua nzuri ya sifa, nitakupa wa pili."

Nyumbani, dada yake mkubwa alilitazama kopo akiwa amejishika kiuno. "Hilo dudu likitoka, mmoja wetu anahama. Na mimi sihami."

Mwezi wa tano buibui alilala chali, miguu juu. Dada alisema pole, kisha akaenda kutafuta jembe kwa haraka isiyomfaa mfiwa. Mpiga pasi naye alikuwa ameshaingiza kidole amgeuze, kosa ambalo wageni wote wa kazi hii hulifanya. Akakumbuka alivyoambiwa: anayelala chali anajivua ngozi, na ukimgusa ndipo utamuua kweli. Akavuta kiti, akakaa mchana kutwa. Buibui alitoka mpya, akapumzika siku kumi, halafu akaandika kwa uzi kwenye kioo cha sanduku lake: "Hana papara. Apewe wa pili."

Mpiga pasi aliibandua barua hiyo juu ya karatasi, akampelekea muuza buibui, naye akaisoma, akaigonga muhuri.

Wa pili alikuwa mfuma utando, mwepesi kidogo, mwenye hasira za karibu. Baada ya mwaka na miezi miwili naye aliandika, kwa mwandiko ulioinama: "Anajua wakati wa kuondoa mkono. Anaaminika."

Wiki hiyohiyo nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alikofanya kazi. Alikuwa amepiga pasi pale miaka kumi na moja, amewafundisha wasimamizi watatu, na kila mmoja alipokwisha kufundishika akawa mkubwa wake. Fomu ilitaka barua ya sifa. Hakuna mkubwa aliyewahi kumwandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo akaambatanisha ya buibui wa pili. Aliitaka mno nafasi ile.

Meneja aliisoma mara mbili. "Mwandiko mzuri," alisema. "Ila huyu aliyeandika si mwajiriwa wetu. Angekuwa mwajiriwa, ningeipokea."

Nafasi alipewa shemeji yake meneja, ambaye hakujua pasi ya mvuke inawashiwa wapi. Mpiga pasi alimwonyesha. Aliporudi nyumbani alilia akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Basi, mdogo wangu," dada alisema. "Cheo hakiendi kwa anayejua moto. Futa machozi, twende tukamchukue yule wa kijani."

Wakaenda wote wawili. Yule wa kijani, siku ya kwanza tu kifuniko kilipofunguliwa, alipanda mkono wa mpiga pasi, akapita begani, akatua shingoni. Dada alipanda juu ya meza. Mpiga pasi hakupumua wala hakukurupuka. Alimsubiri ashuke mwenyewe hadi kwenye kiwiko, akamfunika kwa kikombe, akamrudisha tunduni. Kisha akamsaidia dada kushuka.

Kazini hakuna kilichobadilika. Shemeji aliunguza mashuka, mpiga pasi akayaokoa yaliyookoleka, na jina la mlangoni likabaki la shemeji.

Buibui wa kijani alianza kuandika mwezi wa nane. Aliandika siku sita, akakijaza kioo, akaendelea ukutani mpaka dirishani. Aliandika mashuka yote yaliyookolewa kwa miaka kumi na moja, wasimamizi wanne na aliyewafundisha, hata vidole vilivyoungua vikafichwa mfukoni ili kazi isisimame. Aliyajuaje hayo, hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya siku ya saba dada alivuta kiti karibu na ukuta, karibu kuliko alivyowahi kuthubutu.

"Nisomee."

Mpiga pasi alisoma. Alifuata mistari kwa kidole, kutoka kwenye kioo hadi dirishani.

"Soma tena," dada alisema. "Mbona hukuniambia habari za vidole?"

Mpiga pasi akaanza upya kutoka mstari wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.