Godoro Halifuliwi

Dobi alipiga goti juu ya godoro, akalikandamiza kwa uzito wake wote, na maji yakachuruzika tena ubavuni, meupe kwa povu. Ilikuwa siku ya tatu. Aliyafyonza kwa kitambaa, akakikamulia kwenye beseni, akarudi kupiga goti. Wapangaji waliokuwa wakienda kuoga walimpita kwa upande, ndoo mkononi.

“Povu, hilo godoro limekukosea nini?” aliuliza jirani wa chumba cha tatu, akimwita kwa jina lake la utani.

“Limekunywa, jirani. Limekunywa likalewa.”

Walicheka wote wawili, lakini Dobi hakucheka sana. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefua nguo za watu, na hakuna doa alilowahi kukutana nalo ambalo halikusalimu amri mbele ya maji na sabuni. Kwa hiyo baba yake alipolikojolea godoro, alifanya alichokijua. Aliliburuta hadi bombani, akalimwagia ndoo nne na sabuni ya unga, akalikanyagakanyaga kwa miguu kama blanketi. Chumbani, mzee aliyasikia maji. Alipiga kelele amzuie, ila sauti aliyoachiwa na kiharusi haikufika hata dirishani.

Na mzee huyo hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya magodoro. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi kwa miaka thelathini na minne, na hadi leo waliomfahamu walimwita Fundi, ingawa mkono wa kulia ulikuwa umelala na sindano yake ndefu ilining'inia tu ukutani.

“Godoro halifuliwi, mama,” alimwambia bintiye jioni ile, taratibu, neno moja moja. “Unakausha kwa kitambaa kikavu. Unanyunyiza magadi, unaliacha livute. Unapangusa. Halafu unalisimamisha ubavu, upepo upite pande zote. Basi. Sponji ni mtu mchoyo. Kupokea anapokea, kutoa ndiyo shughuli.”

“Wewe mtu wa sufi, mambo ya sponji umeyajulia wapi?”

“Aliyekunyang'anya wateja akakuua kwa njaa lazima umjue,” alisema Fundi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa alikuwa amelala juu ya mkeka, juu ya sakafu ya saruji, blanketi limekunjwa mara mbili chini yake. Kidonda cha nyongani juzi kilikuwa kama kifungo cha shati. Asubuhi hii Dobi alipomgeuza alikikuta kimekuwa kama mfuniko wa chupa, na katikati kimebonyea. Muuguzi wa zahanati alikwisha kumwambia bila kuzunguka: mgeuze kila baada ya saa mbili, mlaze mahali laini, mnyweshe maji mengi. Kidonda kikifika mfupani, usimlete hapa, hapa hatuna la kumfanyia. Kununua godoro jingine lilikuwa jambo la kuota, na hata kuota kunataka mahali pa kulala. Kwa hiyo hili lilipaswa kukauka leo.

Uani hapakuwa na jua. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza ghorofa, na tangu hapo jua lilikuwa la wapangaji wa juu. Lilibaki moja tu, la mbele, kwenye uzio unaotazama barabara, ambako ilikatazwa kuanika hata kitambaa cha mezani. Dobi alimfuata msimamizi wa nyumba, akamkuta anapaka rangi namba za milango.

“Kaka, nisaidie. Kwa saa mbili tu.”

Msimamizi alitazama brashi yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. “Mpaka saa sita,” alisema. “Na mimi sijakuona.”

Walilibeba yeye na jirani, wakilisimamisha ubavu kama Fundi alivyoelekeza, tofali huku na tofali kule ili upepo upite chini. Dobi alilipiga kwa fimbo kutoka katikati kwenda pembeni. Saa nne ikapita. Saa tano alipoweka kiganja, upande wa juu ulikuwa mkavu na wa vuguvugu, na moyo wake ukachangamka kama wa msichana. Aliingia mbio chumbani.

“Linakauka, baba! Leo unalala juu ya godoro lako!”

“Geuza,” alisema Fundi. “Usilisifu mapema.”

Alipotoka kuligeuza, gari la halmashauri lilikuwa limesimama barabarani na bwana afya alikuwa mbele ya uzio, kalamu sikioni, daftari kifuani. Msimamizi alikuwa kando yake, akitazama angani kana kwamba kuna ndege anayemfahamu.

“Hili la nani?”

“Langu, mkubwa. La baba. Anaumwa.”

“Sijauliza nani anaumwa.” Bwana afya alilichoma godoro kwa ncha ya kalamu, akainusa kalamu. “Lina unyevu. Lina harufu. Liko barabarani. Makosa matatu, godoro moja.”

“Upande huu limeshakauka, shika mwenyewe. Nipe mpaka saa sita nalitoa.”

“Sheria haina saa sita, dada. Hili ni hatari kwa afya ya umma.”

Umma wenyewe ulikuwa umeanza kukusanyika. Hatua ishirini kutoka pale, ng'ambo ya mtaro, kulikuwa na lundo la taka la miezi miwili, refu kuliko mtu, na nzi waliokuwa wakitoka huko walitua kwenye daftari la bwana afya naye akiwafukuza kwa adabu.

“Na lile?” Dobi alinyoosha mkono.

“Lile ni la idara ya taka. Mimi ni ukaguzi.”

“Si una gari hapo?”

“Gari la ukaguzi.”

Watu wakaguna, mmoja akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo, maana mkubwa aliyechekwa hana tena njia ya kurudi. Alitoa ishara. Vibarua wawili wakashuka. “Samahani, dada,” alinong'ona mmoja wao, na kweli ilionekana anaona haya, lakini alishika. Dobi naye akashika. Walivutana hadi penye gari, yeye akisema ni la mgonjwa, ni la mgonjwa, akirudia hayo hayo kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Kisha zipu ikafumuka. Sponji ikapaa ikaangukia ndani ya gari, na yeye akakaa chini barabarani na gamba la godoro mikononi.

Gari lilipita mbele ya lundo la taka likaenda zake.

Fundi alikuwa amesikia kila kitu. Bintiye alipoingia hakumuuliza. Dobi alikaa sakafuni, akafunika uso kwa gamba lile, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na sababu ya kujizuia mbele ya mtu aliyemlea. Mzee alimwekea mkono mzima kichwani.

Dobi alipoinua macho, yalitua kwenye vikapu vitatu karibu na mlango: nguo za wateja, zimefuliwa, zimepigwa pasi, za kuchukuliwa jioni. Mataulo, masweta, makoti, mashuka ya familia tatu. Alizitazama muda mrefu. Halafu akainuka, akalikung'uta gamba, akaanza kulijaza nguo.

“Unafanya nini?” aliuliza Fundi.

“Natengeneza godoro. Nielekeze.”

Mzee alivitazama vikapu, akamtazama mwanawe, na ndani yake palipita kitambo ambacho mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa akigombana na mtu mwenye kidonda. Kisha fundi akawashinda wote wawili.

“Pembe kwanza,” alisema. “Pembe zikiwa na njaa, katikati hudanganya.”

Dobi alijaza pembe kwa fulana. Makoti chini, mataulo juu yake, masweta usawa wa nyonga. Fundi alipapasa kwa mkono wa kushoto, macho kafumba. “Hapa kuna kifungo.” Dobi akakitoa. “Hapa pamelegea, shindilia.” Akashindilia. Aliishusha sindano ndefu kutoka ukutani, akashona palipofumuka, baba yake akamkosoa mshono, akamwambia afumue aanze upya, na kwa saa nzima chumba kile kilikuwa karakana, hakikuwa cha mgonjwa. Dobi hakukumbuka ni lini alimsikia baba yake akigomba namna ile. Yeye mwenyewe alikuwa na furaha, na kwa sababu alijua itaisha, ilimuuma.

Alimnyanyua kwa kwapa, akamlaza. Fundi alishusha pumzi ndefu.

“Laini?”

“Laini. Wenyewe wanakuja saa ngapi?”

“Jioni.”

“Utawaambia nini?”

“Niachie mimi.”

Kazi ya miaka kumi na mmoja ilikuwa imelaliwa pale. Aliona heri hivyo. Alichota maji kwenye mtungi, maana joto lilikuwa limepanda na midomo ya mzee ilikuwa imepasuka, na hakuwa amekunywa kitu tangu alfajiri.

“Kunywa, baba.”

“Sina kiu.”

“Muuguzi alisema maji mengi. Kidogo tu.”

“Kesho.”

Alipiga magoti, akamwekea kikombe mdomoni. Fundi aliufunga mdomo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi lakini zilitosha. Maji yakamteremka kidevuni, yakafuata shingo. Kabla hajafikiri, mkono wa Dobi ulikuwa umeshafika, kiganja kimekinga, tone lisifike kwenye nguo za watu.

Baba yake aliuona mkono ule.

“Unaona, mama,” alisema kwa upole. “Mimi si sponji; nikipokea, natoa. Ondoa kikombe.”

Akakiondoa.