Udongo wa Bure kutoka Kiwanda cha Nguzo

Ulipita pale. Usiniangalie hivyo, ulipita. Mwezi mzima malori yalikuwa yakishuka kutoka kile kiwanda cha zamani yakimwaga udongo mtaani kwetu, na wewe ukapandisha kioo cha gari kwa sababu ya vumbi. Kama ulikuwa kwa miguu, ulivuka barabara.

Basi nikueleze ulichokataa kuona.

Kiwanda kile kilifungwa mwaka wa 2003. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini, nguzo za stima zilichovywa pale ndani ya dawa ya kijani ili mchwa wasizile. Nguzo zikaenda kuwasha taa Kangema na Kiriaini. Sisi wa mtaa wa Nguzo, tulioegemeza mabati yetu kwenye ukuta wa kiwanda, stima tuliletewa miaka kumi na minne baada ya kiwanda kufungwa. Dawa ndiyo tulipata mapema. Mwaka wa tisini na nne mbuzi sita wa mzee Theuri walikunywa maji ya mtaro wakafa palepale, na meneja akasema ni ugonjwa wa mbuzi. Nakumbuka mpaka koti alilovaa.

Mwaka jana ukaja mradi wa kujenga magorofa pale kiwandani. Wafadhili wakataka uwanja usafishwe kwanza, na ulisafishwa, sisemi uongo. Walikwangua udongo kwenda chini mita nzima. Shimo maalumu la kuuzika liko mbali sana. Mtaa wetu uko hatua mia tatu, tena mteremko.

Msimamizi wa usafishaji, Maxwel, mtu mpole mwenye kofia nyeupe, alisimama kando ya lori la kwanza akatangaza, "Wazazi, kuna udongo ya bure, nyeusi. Anayetaka aandike jina, namba ya kitambulisho na sahihi."

Mtu wa kwetu mpe karatasi yenye mistari, atajiandika. Tumejiandika kwa blanketi, kwa mbolea, kwa mafuriko ambayo hayakutufikia. Hatuulizi ni ya nini. Tunachoogopa ni kukosa jina. Halafu mwambie mama wa huku kwetu kwamba udongo mweusi unatupwa, uone kama atalala.

Wacera alikuwa wa kwanza. Ana miaka sitini na minane, analea mjukuu wake Lynn wa miaka mitatu, na hupanda sukuma wiki kwenye magunia mlangoni. Alijaza magunia kumi na moja. Lynn alikula sukuma ile kila jioni na kucheza kati ya magunia kutwa. Baada ya miezi miwili tumbo likaanza kumkata, kisha ngozi ya viganja ikababuka. Daktari alipima mkojo wake, akakuta sumu ya ile dawa ya nguzo, akasema mambo mawili. Udongo ukiondolewa sasa, mtoto atapona. Akiendelea kukaa nao, yeye daktari asiulizwe.

Wacera akapanda hadi kwa Maxwel.

"Injinia, kuja uchukue udongo yako."

"Shosho, si yangu tena. Ni yako." Akafungua faili. Kichwa cha ile orodha, ambacho siku ile kilikuwa kimekunjwa nyuma, kilisema: *Wapokeaji waliokubali taka hatari*. Chini yake, namba moja, Wacera.

"Kwa karatasi, Shosho, wewe ndio dampo. Usiskie vibaya."

"Ati mimi ni nini?"

"Mahali salama pa kutupa. Ndiyo maana hapa juu tumepewa cheti."

"Na nikikurudishia?"

"Huwezi. Kubeba taka hatari ni lazima uwe na leseni. Utashikwa."

Alisema kwa huruma kabisa. Kumbe udongo ukishuka kwa maskini ni zawadi, ukipanda ni kosa la jinai.

Wacera alimtafuta Munyao, polisi wa kutoka Machakos aliyepanga chumba jirani naye.

"Afande, nikibeba hii udongo niipeleke juu, utanishika?"

"Nitakushika, Shosho. Ni kazi."

"Na utaandika nini?"

"Kwa OB, kile kitabu cha kituo, lazima niandike ulikuwa umebeba nini."

"Umeona? Andika basi."

"Nikiandika sumu, korti itauliza imetoka wapi."

"Ehe."

"Woi, Shosho!" Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akaacha kucheka. "Lakini ukishikwa peke yako watasema ni mzee amechanganyikiwa, nao watakurudisha hapa na magunia yako. Shikweni wengi."

Wacera ameng'oa sukuma yote. Lynn yuko kwa jirani mtaa wa juu, kwa wiki hii tu, kwa sababu huko pia wamebanana. Magunia kumi na moja yamefungwa midomo kwa kamba. Nyumba nyingine arobaini zimefunga ya kwao.

Tunapanda kesho, saa mbili asubuhi, hadi lango la magorofa. Vaa buti na glavu, funga pua kwa kitambaa kilicholowa maji, beba kitambulisho maana utaulizwa. Usituambie utatuombea. Gunia moja la udongo linataka watu wawili, na Wacera amesimama kwa lake akiwa peke yake. Njoo ushike upande wa pili.