Unywele Kwenye Kona ya Kulia

Miaka ya mwanzo ya kazi yake, Fundi alishinda akiondoa vumbi kwenye picha za watu. Miaka hii ya mwisho alishinda akilirudisha.

Bosi wa studio alikuwa ameleta programu ya kuzipa picha za kisasa sura ya zile za mkanda zilizosafishwa kwenye chumba cha giza. Unaingiza picha safi ya jana, unabofya namba, inatoka na punje kama mchanga, rangi imefifia, mikwaruzo miwili mitatu, vumbi, na mwanga uliovujia pembeni kana kwamba kamera ilikuwa na tundu. Namba saba ndiyo iliyopendwa. Maharusi waliiulizia kabla hata hawajakaa.

"Fundi, niongezee vumbi kwenye shela," alisema bibi harusi mmoja, amemwinamia begani.

"Shela ilikuwa safi, dada."

"Ndiyo maana nataka vumbi."

Fundi akaongeza. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kicheko alikiona kama kazi ya ziada.

Pale ilipokaa kompyuta ndipo zamani yalipokaa mabeseni ya dawa za kusafishia picha, na aliyeyatawala mabeseni hayo alikuwa mama yake mzazi. Mama ndiye aliyemfundisha kazi, kwa mdomo mkali na kwa swali moja lililoulizwa kabla ya kila picha: "Umefuta kioo?" Kioo cha mashine ya kukuzia kikishika unywele, kila picha ya siku hiyo itatoka na unywele uleule, mahali palepale. Kuna siku mama alichana picha zote za mahafali ya shule nzima kwa sababu ya unywele mmoja, mfupi kuliko kope. Fundi, binti yake, mama alimwita Kobe, na kwa kweli alikuwa mzito wa mwendo. Lakini unywele haukumpita.

Sasa mama alikuwa anasahau. Alianza na funguo, akaja siku za wiki, kisha watu. Waliosalimika ni wale waliokuwa kwenye albamu yake nyeusi. Hao aliwajua wote: shangazi mwenye kofia, jirani aliyehama, hata mbwa wa jirani. Asiyekuwemo alikuwa mgeni, na mgeni anayeingia chumbani kwa mtu bila hodi ni mwizi. Fundi alikuwemo, lakini akiwa na miaka kumi na miwili. Huyu wa leo, mwenye mvi na miguu iliyovimba, aliitwa "dada", kama wanavyoitwa wauguzi.

Mwizi mkubwa alikuwa Njiti, binti wa Fundi, mwembamba kama jina lake la utani, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akisubiri chuo. Picha zake zote tangu kuzaliwa zilikuwa kwenye simu. Na ndiye aliyepaswa kumpa bibi vidonge mchana, mama yake akiwa kazini.

"Leo kanirushia kikombe," Njiti alisema Fundi aliporudi.

"Kilikupata?"

"Hakikunipata. Bibi hana shabaha. Lakini vidonge hajameza, siku ya tatu hii."

"Umemwonyesha picha zako kwenye simu?"

"Kasema nizime televisheni."

Kaka yake Fundi alipiga simu jioni ileile. Aliishi safari ya nusu siku kutoka pale. "Hamuwezi," alisema. "Jumapili nakuja kumchukua. Huku kuna watu wa kumwangalia mchana."

"Akienda huko ndiyo nimeshampoteza. Atanisahau kabisa, kaka."

"Kwani sasa hivi anakuitaje?"

 Kilichomkera Fundi zaidi si swali, ni kwamba sehemu moja ya mwili wake, labda mgongo, ilikuwa imefurahi kusikia Jumapili.

Ijumaa, baada ya harusi ya mwisho, akaingiza kwenye kompyuta ya studio picha tatu za Njiti: akiogeshwa kwenye beseni, akiwa na sare ya shule, na akicheka na bibi yake mlangoni mwaka juzi. Akabofya saba, saba, saba. Akazichapa kwenye karatasi isiyong'aa, akaziachia ukingo mweupe, akazikata kwa kile kikatio cha zamani chenye meno. Nyumbani akazibandika kwenye albamu, kati ya shangazi mwenye kofia na mbwa.

Jumamosi asubuhi mama alikaa dirishani na albamu mapajani. Fundi alikaa kitandani, akijifanya anakunja nguo. Njiti alisimama mlangoni na trei ya chai na vidonge, mguu mmoja nje, tayari kukimbia.

Shangazi. Mama akatabasamu. Akafunua. Akapita mtoto wa beseni, akapita sare, akapita mlango, akafika kwa mbwa. Fundi akahisi nguo zimekuwa nzito mikononi.

Kisha mama akarudi nyuma. Akabandua picha ya kwanza kwa ukucha, akainyanyua kwenye mwanga. Akabandua ya pili. Ya tatu.

"Nani kachapa hizi?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Njoo hapa. Hiki nini?"

Fundi akainama. Kwenye kona ya juu, upande wa kulia, palikuwa na kijiunywele kilichojikunja kama ndoana. Kwenye picha ya beseni. Kwenye ya sare. Kwenye ya mlango. Kilekile, cha namba saba.

Akakumbuka harusi zote za miaka ile, mamia ya picha, zimetundikwa kwenye kuta za watu, na hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe hakuona. Alikuwa ameacha kutazama siku nyingi. Alikuwa anabofya tu. Uso ukamwaka kama wa mwanafunzi.

"Picha tatu, unywele mmoja," mama alisema. "Wewe Kobe, nilikufundisha nini?"

Siku nyingi Fundi hakuwa ameitwa jina hilo. "Kufuta kioo, mama."

"Umefuta?"

"Sikufuta."

"Kazi kulala. Halafu unataka kukabidhiwa chumba cha giza!" Mama akageuza shingo mlangoni. "Na yule nani? Ndiye msichana mpya wa studio?"

Njiti akamtazama mama yake. Mama yake akamkonyeza.

"Ndiyo, bibi," alisema Njiti.

"Macho yako yanaona vizuri?"

"Yanaona."

"Njoo, huyu Kobe keshazeeka. Kaa hapa. Kila picha, anza kona hii, shuka hivi. Ukiona uchafu sema."

Njiti akakaa. Trei akaiweka katikati yao. Bibi alimeza vidonge vyote viwili bila kuviangalia, kwa sababu kidole chake kilikuwa kwenye picha na hakutaka kipoteze mahali.

Fundi akatoka uani kupiga simu.

"Kaka, usije kesho. Mama ana kazi."

"Kazi gani?"

"Anafundisha mtu."

Kaka akauliza hiyo kazi itaisha lini. Fundi akasema hajui. Kutoka chumbani alisikia sauti ya Njiti: "Bibi, hapa pana doa," na sauti nyingine ikisema doa gani, hilo ni tundu la pua la mjomba wako.

Akakaa kwenye kizingiti na kuvua viatu. Albamu ile ingeisha kabla ya Jumatano. Ingebidi alete picha nyingine, na nyingine tena, zote chafu ili wapate cha kutafuta, lakini hawezi kubofya saba. Mama angeunasa unywele uleule papo hapo. Ingebidi vumbi aliweke mwenyewe kwa mkono, punje moja moja, kila picha na uchafu wake.

Akasugua miguu. Akaanza kuhesabu picha za Njiti zilizomo kwenye simu.