Majibu kwa Vina Vilevile

Onyo la ndege za Wajapani lilipoondolewa, washairi wa Chongqing walitoka handakini, wakakung'uta vumbi kwenye kanzu zao na kurudi mkahawani kwenye chai yao. Mezani walikuta majibu saba mapya. Yaliandikwa na maiti.

Desturi ni desturi: mtu akitoa shairi, hujibiwa kwa vina vilevile, kwa mpangilio uleule. Mwenyekiti wao, Mwalimu Kuang, alikuwa amechapisha gazetini mistari minane ya kuwaita vijana vitani, kwa mtindo wa mababu, ili taifa lisijisahau. Waliokufa wakajibu. Karatasi zilijaa matope, ila mizani, jamani, haikuwa na dosari.

"Hawa si walikuwa hawajui hata kushika kalamu?" aliuliza Shen, mhariri.

"Wamepata nafasi ya kujifunza," alisema Kuang.

Jibu moja lilikuwa la Fulin, mtoto wa Mama Qiu, mpika chai wa mkahawa. Kuang alimsomea. Fulin hakumwona Mjapani hata mmoja. Alikamatwa shambani na askari wa nchi yake mwenyewe ili apelekwe vitani, akafungwa kamba, akatembezwa siku kumi na tisa; afisa akauza mchele wa msafara, Fulin akafa njaa kando ya barabara.

Mama Qiu alilia, kisha akajifuta. Alibakiwa na Youtian, aliyekuwa akiapa kila siku kumlipia kaka yake kisasi.

"Lichapeni hivyohivyo, Mwalimu. Akilisikia hili atatulia nyumbani. Nimebaki na huyo tu."

"Ondoa shaka, mama."

Lilichapwa Jumatatu. Vina havikuguswa hata kimoja, wangeona aibu. Yaliyobadilishwa ni maneno ya katikati tu: kamba ikawa upanga, njaa ikawa risasi.

"Wananchi wana machungu ya kutosha," alieleza Shen.

Mama Qiu hakujua kusoma. Alimpelekea Youtian gazeti kwa mkono wake mwenyewe.

"Soma, mwanangu. Kaka yako anakwambia."

Youtian alisoma kimoyomoyo, akarudia akiwa amesimama. Kesho yake alijiandikisha.

Walipita mbele ya mkahawa vijana sitini, wakiliimba shairi la Fulin. Mama Qiu aliposikia upanga na risasi, aliwakimbilia.

"Rudi, Youtian! Sivyo alivyoandika!"

"Si ulinipa mwenyewe nisome, mama?"

Fulin naye alikuwepo, matope hadi magotini, akimvuta mdogo wake mkono. Maiti hawasemi, huandika tu. Youtian alimwinamia kwa heshima, akaendelea kutembea. Shen alimwomba Fulin apishe njia, naye akapisha.