Kikohozi cha Ukuta wa Jua

Kila asubuhi mtunza bustani wa hospitali alianzia kazi kwenye ukuta wa wodi ya kifua, kwa sababu hapo ndipo jua lilipofika kwanza. Alipiga magoti juu ya gunia, akang'oa magugu kwa kijiko cha jikoni alichokipinda mwenyewe, akiangalia asikwaruze vitunguu. Havikuwa vitunguu vya kula. Vilikuwa vya maua: kila kimoja kilitoa bua moja refu, jembamba, na juu yake kichwa cha zambarau, mviringo kama mpira wa watoto. Jua likavuka paa la stoo, likaugusa ukuta, na vichwa vikaanza kukohoa.

Kikohozi kilianzia kwenye bomba kikaenda hadi mlango wa wodi. Vingine vilikohoa kikavu, kwa kukatakata. Vingine vilivuta kutoka mbali, kama mtu anayeburuta kabati. Kile cha katikati, kilichosimama chini ya dirisha la pili, kilikohoa polepole, kikanyamaza kama kinachoomba radhi, kisha kikakohoa kwa nguvu zote. Hicho ndicho mtunza bustani alichokimwagilia kwanza.

"Umeamkaje, mama watoto?" akakiuliza, akasogeza gunia.

Mkewe alikuwa akikohoa hivyohivyo.

Zamani pale palikuwa na benchi la mbao, refu kama ukuta wenyewe. Wagonjwa wa kifua walitolewa asubuhi wakakaa kuota jua, maana wodi yao ilijengwa imelipa jua mgongo, madirisha ya upande huo yakiwa madogo tu, na ndani mchana kutwa palikuwa na baridi ya kisima. Kila mgonjwa alikuwa na mahali pake, na kwa kukaa miaka, miguu yao ilichimba vishimo ardhini mbele ya benchi. Kisha Mganga Mkuu akaenda semina nchi za watu. Wakubwa wakisafiri hawarudi na dawa, hurudi na mawazo. Huyu alirudi na boksi la vitunguu. Akasema vinataka jua la kutwa nzima na udongo usiotuamisha maji, na hospitali nzima ina mahali pamoja tu pa namna hiyo. Isitoshe, akasema, mgeni akiingia getini si vizuri apokelewe na watu wanaotema mate.

Aliyeling'oa benchi kwa mtaimbo ni mtunza bustani. Mkewe wakati huo alikuwa mgonjwa mle ndani, akimtazama kupitia dirisha la pili. Na kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma, mtunza bustani hakuona sababu ya kuchimba mashimo mengine. Alitia kitunguu kimoja katika kila kishimo cha miguu, ncha ikitazama juu, akafukia. Mkewe hakuwahi kuyaona maua. Baridi ya mle ndani ilimmaliza yakiwa bado majani.

Yalipochanua yakikohoa, hospitali haikutaharuki. Matroni aliyasikiliza akielekea kufungua ofisi.

"Yameanza lini haya?"

"Tangu yachanue, matroni."

"Makohozi yana damu?"

"Hapana."

"Basi endelea kuyapa maji," akasema, akaenda zake.

Sasa kwenye kitanda kilekile cha dirisha la pili alilala shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyemuuguza dada yake mpaka naye akaambukizwa. Kikohozi chake kilikuwa na vituko: kila kilipoisha kilimalizikia kwenye kicheko.

"Shemeji!" aliita kupitia nondo. "Dada kaamkaje?"

"Anakohoa tu."

"Mwache akohoe. Mwenzetu keshapata kiwanja cha jua." Akakohoa, akacheka, akafuta mdomo. "Msimu wa baridi ndio huo unabisha hodi. Mimi humu siuvuki. Lirudishe benchi."

"Si langu, shemeji. Niliagizwa kulitoa."

"Sikukuuliza nani alikuagiza. Nilikuwepo, nimekaa kitandani kwa dada, tunakuangalia. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwako, na ulijua kuupiga kweli!"

Mtunza bustani alikidunga kijiko udongoni. Moyoni aliwataja mmoja mmoja: Mganga Mkuu, aliyetia sahihi safari ya Mganga Mkuu, na fundi wa ramani aliyeigeuza wodi. Alipomaliza kuwataja, shemeji yake alikuwa bado anamtazama.

Alipiga moyo konde. Mganga Mkuu alipopita na ziara yake ya asubuhi, mtunza bustani akavua kofia, akamsubirisha hapo hadi jua lilipogusa ukuta. Alijua hakuna atakayesikia kikohozi kile akabaki na macho makavu. Vichwa vikakohoa vyote. Mganga Mkuu akainama, akatoa kipimo chake cha kusikilizia kifua, akakiweka kwenye bua la katikati.

"Hiki kina maji upande wa kushoto," akasema.

"Mkuu, hawa ni wale waliokuwa wakikaa hapa. Wanadai mahali pao. Naomba walio ndani watolewe, hata kwa asubuhi tu, waote jua. Baridi inakuja."

"Nani kasema hatuwajali?" Mganga Mkuu alikuwa keshahamia bua la pili. "Kuanzia kesho daktari wa zamu aanzie raundi hapa. Wamwagiliwe maji ya uvuguvugu. Na baridi ikianza, kila kimoja kifunikwe blanketi jioni."

"Na walio ndani, Mkuu?"

"Walio ndani wana paa."

Stoo haikuwa na mablanketi ya ziada, kwa hiyo matroni aliyatoa wodini. La shemeji lilikwenda kwenye bua la katikati. Mtunza bustani alilipokea dirishani.

"Mfunike dada," shemeji akasema. "Tangu utotoni alikuwa ananivuta shuka. Leo kashinda."

Kesho yake mtunza bustani hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua kigoda cha nyumbani kwake, akamshika shemeji mkono, akamkalisha ukutani kando ya ua la dada yake. Shemeji alivua kandambili, akatia nyayo kwenye udongo uliopata moto, akafumba macho. Walikohoa kwa zamu, yeye na ua, kama wanaopokezana maongezi. Rangi ikaanza kumrudi usoni.

Mlinzi wa geti akaja, uso ameukunja.

"Mzee, unanitafutia nini mimi? Hapa hapakaliwi."

"Anaota jua tu."

"Naona. Na kivuli chake, unakiona kilipo? Kiko juu ya maua. Mganga Mkuu akitokea hapa, kibarua changu kimeota nyasi."

"Hebu nenda kapige filimbi yako huko," shemeji akamwambia, bado amefumba macho. "Nikimaliza nitakuita."

Lakini mlinzi alikuwa na watoto nyumbani, na mtunza bustani pia, na amri ilikuwa amri. Wakamshika huku na huku, wakamrudisha ndani. Kwenye udongo pakabaki alama za nyayo zake, nzuri, za kina. Mtunza bustani hakuzisawazisha.

Baridi ilipoingia, jioni alizunguka na mablanketi, akafunika vichwa kimoja kimoja, akakunja pembe vizuri ili upepo usipenye. Dirisha la pili lilikuwa limefungwa. Alisikia kikohozi ndani, na kicheko, kisha siku zilizofuata kikohozi kitupu. Alimzika shemeji kando ya mkewe. Watoto walilia. Mganga Mkuu alituma shada.

Aliporudi kazini alikuta bua jipya limechomoza katika alama za nyayo, nje kabisa ya msimu wake. Jua lilipogusa ukuta, kichwa kikakohoa, na mwisho wa kikohozi kikacheka. Mtunza bustani akaleta maji ya uvuguvugu.

Mganga Mkuu alifurahi alipolikuta.

"Hiki umekipata wapi? Sisi tuliagiza boksi moja tu."

"Ni shemeji yangu, Mkuu."

"Safi sana. Bustani inazidi kujaa. Ila ungempa nafasi zaidi, vikibanana havinenepi."

Mtunza bustani akafungua kinywa amwambie kitu alichokuwa amekiweka siku nyingi, lakini kikohozi kikamtangulia. Kilitoka chini kabisa, kikamkunja, mpaka ikabidi aegemee ukuta. Mganga Mkuu hakumgeukia. Aliinama, kiganja sikioni, akiyakagua maua mstari mzima.

"Hicho kilichokohoa sasa hivi," akasema, "leo kisilale bila blanketi."

"Ndiyo, Mkuu," akajibu mtunza bustani, akaingia wodini kulichukua.