Karani Anapotikisa Kichwa

Siku ile mjinga alikuwa Sponji, na mwenyewe habishi. Wengine wakisimulia humwongezea ujinga ambao si wake, naye huwakatiza: "Punguzeni jamani, uliokuwepo ulitosha."

Alikuwa fundi wa makochi. Jina la Sponji alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya sponji alizokata kutwa nzima, nusu kwa tabia yake. Dunia ilikuwa imembonyeza mara nyingi, na kila ilipomwachia alirudia umbo lake lilelile huku akicheka. Karakana yake iliwahi kuungua yakabaki majivu na bawaba mbili. Akaanza upya kwa mkasi wa kuazima. Naye kila mteja alimpa usia uleule: "Kochi halinunuliwi kwa kitambaa. Lipindue kwanza, uone chini limesimamia nini."

Nyuma ya karakana kulikuwa na ua, na uani kulikuwa na farasi. Alikuwa farasi wa marehemu kaka yake, mtu mkimya aliyesambaza maziwa kwa mkokoteni miaka kumi na mmoja. Kaka alipofariki, mjane wake alihamia vyumba viwili vya ghorofani, na farasi hapandi ngazi. Basi siku moja yule mama alimvuta mnyama kwa kamba mpaka kwa shemeji yake, akasimama mlangoni.

"Nakuachia, sikupi," alisema. "Siku nikimkuta anateseka kwa uzembe wako, nampeleka shambani kwa kaka yangu, na kule hufiki kwa miguu."

"Shemeji, huyu akikaa kwangu atanenepa mpaka umpishe njia ukidhani ni mkwe wako."

Alitania, kama kawaida yake. Lakini jioni, karakana ikishafungwa, alikuwa akiegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi na kunusa: jasho, ngozi ya hatamu, maziwa yaliyoganda. Ilikuwa harufu ya kaka yake, na hapakuwa na pengine pa kuipata. Hilo hakumwambia mtu. Hakuwa na mzaha wa kulifunikia.

Farasi alimwita Karani, kwa sababu ukimsemesha alitikisa kichwa polepole, kama karani anayekusikiliza kwa makini sana kabla ya kukwambia urudi kesho.

Na alimtunza, asionewe. Asubuhi maji safi, nyasi kavu, pumba kiasi. Alimpiga brashi mpaka mgongo ukang'aa. Singa za shingoni alizisuka. Akamshonea shuka la mahameli jekundu, mabaki ya kochi la mwenye duka mmoja, na vifungo vyake sita vya kochi vilevile, hata wapita njia wakawa wanachungulia juu ya ukuta na kuuliza harusi ni lini.

Jambo moja tu lilimchosha. Fundi wa kwato, mzee mfupi aliyemvisha Karani viatu vya chuma, alikuwa amemwagiza tangu mwanzo: "Kila asubuhi nyanyua miguu yote minne, kwangua uchafu kwenye nyayo, utazame." Wiki ya kwanza Sponji alinyanyua. Wiki ya pili alinyanyua miwili. Baadaye akawa ananyanyua akikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kukawa kwa nadra. Chini ya ukwato hapachunguliwi na mpita njia.

Sasa, mafundi wa makochi wana desturi yao. Misumari yao mifupi, yenye vichwa bapa, huijaza kinywani, kisha huisukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka midomoni, nyundo yenye sumaku inaudaka, mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Ni ufundi mzuri kwa mtu anayejua kunyamaza. Sponji hakujua. Ndani ya karakana akicheka misumari ikamruka, hakuna neno, jioni alipitisha sumaku sakafuni. Lakini joto lilipozidi alitoa fremu ya kochi nje, uani, akapigilia kivulini karibu na Karani huku akimsimulia visa vya ujana wake na kaka. Ijumaa moja alifikia kile cha kaka kuogopa bata. Alicheka mpaka akapaliwa. Misumari ilitawanyika vumbini, akaokota aliyoiona.

Jumatatu, mteja aliyekuja kuulizia viti vyake alimkuta Karani akizungushwa uani. Kila hatua, kichwa juu, kichwa chini.

"Mbona leo anakubali kila kitu?" mteja aliuliza.

"Amepandishwa cheo," alijibu Sponji. "Sasa anasaini bila kusoma."

Wakacheka wote wawili. Jumanne Karani alitikisa kichwa zaidi, na Sponji akawaita majirani waone. Jumatano asubuhi hakugusa nyasi. Alisimama ameunyoosha mguu wa mbele wa kushoto, ncha tu ya ukwato ikigusa ardhi. Sponji alipoushika, ulikuwa wa moto kama pasi.

Kesho yake shemeji angekuja, maana kila Alhamisi alikuja na karoti. Akatafuta wa kumlaumu, na hakuhitaji kwenda mbali: si juzijuzi tu fundi wa kwato alipigilia viatu vipya? Akampigia simu.

"Fundi, umenichomea farasi! Msumari wako umeingia kwenye nyama!"

"Nakuja," alisema mzee, akakata simu.

Alifika Alhamisi asubuhi na kisanduku chake, akafunga aproni ya ngozi. Sponji alikuwa amejipanga na maneno ya usiku kucha.

"Misumari hunifundishi, fundi mwenzangu. Mimi nimekula misumari kabla hujaota mvi!"

"Mtembeze," alisema mzee.

Sponji akamtembeza. Kichwa juu, kichwa chini.

"Ameanza lini kutikisa kichwa hivi?"

"Aa, hiyo ni tabia yake. Ndiyo maana anaitwa Karani."

Mzee alimtazama kama mtu anayetazama kochi lililofunikwa vizuri. "Akiwa amesimama ni tabia. Akitembea ni maumivu. Akikanyagia mguu mbovu, kichwa anakitupa juu ili aupunguzie uzito. Siku ngapi?"

Sponji alifungua mdomo. Akawakumbuka wale majirani aliowaita mwenyewe, akasikia kicheko chake mwenyewe cha Jumatatu, cha Jumanne. "Tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuongeza neno.

Hapo ndipo shemeji alipoingia kwa mlango wa uani, kapu la karoti mkononi. Aliona aproni, akaona mguu. Hakusalimia. Aliweka kapu chini, akamshika Karani hatamu karibu na mdomo, akamwambia mzee, "Endelea."

Mzee alinyanyua ule mguu, akaubana katikati ya mapaja yake, akachukua koleo na kubonyeza penye kila msumari wa kiatu, mmoja baada ya mwingine. Farasi akatulia tuli. Kisha mzee akakwangua lile tabaka la matope na samadi lililogandamana katikati ya unyayo. Lilikuwa nene. Alipobonyeza penye mfereji laini wa unyayo, Karani alishtuka karibu amwangushe. Mzee akaingiza koleo dogo, akavuta. Usaha mweusi ulifuata, na harufu mbaya. Kwenye kiganja chake akaweka msumari mfupi wenye kichwa bapa.

Hakuuliza ni wa nani. Akaomba maji ya moto na chumvi.

Sponji alikimbia akaleta beseni. Akapiga magoti, akaushika mguu mwenyewe ndani ya maji kwa muda wote aliotakiwa, machozi yakimdondoka. Mzee alifunga jeraha kwa kitambaa safi, akaagiza daktari wa mifugo aitwe leo hiihii amchome sindano ya pepopunda. "Asitembee mpaka niseme. Siku kumi, labda zaidi." Akaondoka.

Wakabaki wawili na farasi.

"Angeweza kutembea ningeondoka naye sasa hivi," alisema shemeji. "Siku kumi zikiisha, atakwenda shambani."

"Shemeji, nakuomba. Nimemshonea mpaka shuka la mahameli."

"Nimeliona. Wateja unawaambia wapindue kochi. Wewe mguu mmoja ulikushinda kunyanyua?"

"Nitanyanyua. Asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kochi haliletwi tena uani." "Shemeji, usimchukue. Shingoni mwake bado kuna harufu ya kaka."

Yule mama aliinamisha uso kwenye shingo ya Karani, akanusa. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikuwa imelainika sana.

"Atabaki. Ila misumari mdomoni, basi. Hata humo ndani."

Sponji alihema, na alipohema tu akarudia umbo lake. "Ah, shemeji! Nisipoiweka mdomoni nitaongea kutwa nzima, na huyu Karani nani atamhurumia masikio? Farasi naye anataka mtu wa kumchangamsha, ati!"

"Kaka yako alikaa naye miaka kumi na mmoja bila kumtolea mzaha hata mmoja, na hakuwahi kuchechemea. Funga mdomo, nyanyua mguu wa pili."