Tundu la Kifungo Bila Kifungo

Aliyezoea kununua kwa kupapasa asiende kununua kompyuta peke yake. Na akienda akakosea, asinyamaze. Mama Cherehani alifanya yote mawili, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Mumewe alipaka rangi nyumba za watu kwa miaka thelathini. Presha ya macho ilimwingia kimyakimya, kama mwizi anayejua mbwa amelala wapi. Siku walipofika hospitali jicho moja lilikuwa limeshakwisha, na la pili liliona kupitia kitundu tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakumumunya maneno.

"Mzee, unachotaka kukiona, kione mwezi huu."

Walipotoka nje mzee alisema neno moja. "Ile ya chai."

Mkewe alielewa. Binti yao, kitinda mimba wao, alikuwa amewatangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma, akaacha diski yenye video alizojirekodi. Katika moja amesimama nyuma ya baba yake aliyesinzia kitini, anamwigiza anavyokunywa chai: anapuliza, anakunja uso, anafuta sharubu asizo nazo. Sauti hamna hata chembe, maana alikuwa amejibana kicheko asije akamwamsha. Kompyuta yake ilishakufa. Televisheni ya sebuleni ilikataa kuifungua ile diski, na kwenye simu binti alikuwa mdogo kama punje, jicho la mzee halikumpata.

Fundi wa kompyuta wa mtaa ule walimwita Taratibu. Walisema hata kaburini kwake atachelewa.

"Mama, tukuundie kompyuta ndogo ikae nyuma ya televisheni," alisema. "Ya kutazamia tu haihitaji gharama. Boksi, ramu na pawa saplai chukua hivi vyangu vya zamani. Cha kununua ni prosesa, ndiyo ubongo, na mazabodi, ndiyo ubao unaobeba huo ubongo na kila kitu kikaungwa hapo. Prosesa iwe na uwezo wa picha ndani yake, tena ikubaliane na ubao. Ila usiende peke yako. Nina kazi mji wa pili, Jumamosi nikirudi tutakwenda wote."

"Jumamosi ya mwaka gani?"

"Mama nawe. Taratibu ndio mwendo."

"Nikiufuata mwendo wako, mzee atapofuka mara mbili."

Wakacheka wote wawili. Katika kicheko hicho yale maneno ya picha yalipita sikio moja yakatokea la pili.

Jumatano alishindwa kuvumilia. Mshonaji hanunui nguo, hununua vipande: kitambaa duka hili, bitana duka lile, vifungo kule ambako muuzaji ana hasira lakini bei yake ina huruma. Ndivyo alivyoishi, na ndivyo alivyokwenda. Mazabodi alinunua duka la kwanza. Aligonga ubao kwa ukucha, akakagua viungo vyake vya risasi kama anayekagua mishono, akaona una tundu la waya wa televisheni. Akaridhika. Picha itokee wapi tena kama si hapo?

Duka la pili muuzaji aliutazama ubao, akamwekea prosesa mbili juu ya meza.

"Zote zitakaa. Hii ya bei ndogo ndiyo yenye kasi zaidi."

"Kasi zaidi na bei ndogo? Mbona mambo kinyume?"

"Wacheza gemu wanaigombania, mama."

"Basi nipe hiyo, na mimi nigombanie kabla sijazeeka."

Muuzaji hakusema uongo. Hakuulizwa habari ya picha, naye hakuitaja. Akafunga kila kitu ndani ya boksi la Taratibu ambalo mama alikuja nalo, akapokea chake.

Nyumbani mzee alikuwa ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, ameketi hatua mbili mbele ya televisheni kama anayesubiri mgeni. Mama Cherehani akachomeka. Taa ikawaka, feni ikazunguka. Kioo cha televisheni kikabaki cheusi.

"Imewaka?"

"Inajipasha moto, mzee wangu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mzee alikaa na shati lake mpaka saa kumi, ndipo akafungua kifungo cha shingoni.

Kesho yake muuzaji wa prosesa alimsikiliza huku anatafuna kijiti. "Lile tundu la kwenye ubao ni mlango tu. Picha inatengenezwa na prosesa, na hii haina uwezo huo. Wenye hizi hununua kadi ya picha." Akaitaja bei ya kadi, nayo ilizidi vyote alivyonunua.

"Tundu la kifungo bila kifungo," Mama Cherehani alisema polepole.

"Hapo sasa umeelewa."

"Basi nibadilishie, nipe ile nyingine."

"Ikishapakwa dawa ya kupoza joto hairudi. Tangazo hilo hapo juu." Kweli lilikuwepo, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la duka.

Duka la tatu waliuza prosesa zilizotumika, zimepangwa kwenye trei kama vifungo. "Nataka yenye picha," alisema, na safari hii alilitamka neno hilo mara tatu.

"Ubao wako ni upi?"

Swali jepesi. Angesema sijui, angeambiwa akaulete. Lakini aibu ya asubuhi ilikuwa bado mbichi usoni.

"Ule wa kawaida," akasema.

Huyu mwanamke hufungua cherehani na kuifunga tena huku anapiga soga. Alipofika nyumbani na prosesa yake akajiambia boksi hili nalo ni chuma tu. Akaitoa prosesa ya kwanza, akaiweka ya pili. Haikukaa. Katika kazi yake, kikanyagio cha kushikia kitambaa kikikataa kuingia unakisukuma kwa kidole gumba kinaitika tik. Akasukuma. Ikaitika tik.

Alipoiinua aliona pini za ubao, mamia, nyembamba kuliko sindano yoyote aliyowahi kuishika. Kona nzima ilikuwa imelala kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe. Akajaribu kuziinua kwa sindano. Pini ya tatu ikakatika.

Akalifunika boksi kwa kipande cha bitana, akalisukuma uvunguni.

Jumamosi Taratibu alipiga simu. Kazi imeongezeka, hajui atamaliza lini. "Umeshanunua vile vitu?"

"Bado. Nakusubiri wewe."

Na kwa mumewe, kila alipouliza: "Ni Taratibu huyo, anatuchelewesha." Siku za kwanza mzee alicheka. "Huyo hata kaburini." Baadaye akawa anaguna tu. Baadaye hakuuliza tena, na hilo lilimuuma mkewe kuliko swali.

Siku moja asubuhi mzee alinyosha mkono kuchukua kikombe, vidole vikakamata hewa.

"Washa taa, mama."

Jua lilikuwa limejaa meza nzima.

Taratibu alirudi siku ya tisa baada ya hapo. Mama Cherehani alilivuta boksi, akafunua bitana. Fundi akauinamia ubao kwa muda.

"Lini hii?"

"Alhamisi ile. Kabla hujapiga simu."

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ungeniambia. Ningemtuma mtu alete kompyuta yangu saa ileile. Ipo nyumbani, inakaa tu."

Heri angemtukana. Fundi aliinuka akatoka, na majirani walimwona Taratibu akikimbia, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Hata nusu saa haikufika, picha ikajaa kioo kizima.

"Umewasha?" mzee aliuliza.

"Nimewasha."

"Mbona kimya?" Halafu akajikumbusha mwenyewe. "Ah. Ile haina sauti." Akageuza uso, lakini aliuelekeza dirishani. "Nieleze."

"Anapuliza chai."

"Kikombe mkono gani?"

"Kushoto."

"Ndiyo mimi huyo. Kavaa nini?"

"Gauni la buluu."

"Buluu ziko ishirini," alisema yule mzee aliyepaka rangi nyumba. "Buluu ipi?"

Gauni lile alilishona yeye mwenyewe Mama Cherehani. Akalitazama, machozi yakalivuruga, akaitafutia rangi yake jina asilipate.

"Buluu tu, mzee wangu."

Mzee alitikisa kichwa, tena na tena.

"Zima, mama. Isije ikaharibika na hii kama ile ya uvunguni, ni ya watu."